Saa Sita

Damu ya farasi haina subira.
Ya binadamu utaiweka, utaingoja, utamaliza chai;
hii ya Ghazwa, hata jina sijaliandika kwenye chupa,
nyekundu imekwisha kuzama kama mchanga wa kisima
na juu limebaki tabaka la rangi ya samli.
Humo wamo weupe. Ndio ninaowataka.

Siku arubaini na moja ana homa.
Mguu wa mbele wa kulia anaunyanyua, anaushusha, anaunyanyua.
Bahasha imejaa eksirei, mifupa yote mizima.
Madaktari watatu, wa Barka, wa Sohar, wa Dubai,
kila mmoja na sindano yake.
Na jana Bwana Muhanna alisema bila kumtazama mtu:
"Mkikosa kesho, basi. Risasi."

Kwa Kiswahili cha bibi yangu
risasi ndiyo hiyo hiyo: ile inayoua,
na hiki chungu kizito kilicholetwa na gari alfajiri,
ndani yake kichupa kisichotaka kukaribiwa.
Nilifungua kifuniko kwa koleo,
aproni ya risasi ikinivuta mabega,
nikawaza: leo ziko mbili chumba kimoja,
tuone ipi itatangulia.

Nikawachanganya weupe na teknishiamu.
Robo saa, nikitikisa polepole
kama anayebembeleza mtoto wa mwenziwe.
Nikawaosha. Waliokubali kuvaa wakavaa,
iliyobaki nikaimwaga penye alama ya njano.
Mbuzi anayepotea hufungwa kengele;
nami nimewafunga kengele askari wake mwenyewe,
nikawarudisha kwa mshipa wa shingo, saa sita mchana:
haya, mfuateni adui yenu,
sisi tutafuata mlio.

Hatamu ameishika Shekue, mtu wa Lushoto,
miaka tisa Barka, Kiarabu chake cha zizini tu.
Kiswahili changu kinamchekesha:
nasema tungule, yeye nyanya,
nasema skuli, yeye anatazama pembeni, anatabasamu.

Saa tisa kamera ikashushwa.
Kwato: kimya.
Goti: kimya.
Bega: kimya.
Bwana Muhanna akageuza saa yake mkononi.

"Jaribu chini ya kifua," alisema Shekue.
"Nikikaza mkanda wa tandiko, hubana pumzi.
Tangu kabla ya homa."
Mbona hukusema?
"Nani aliniuliza?"

Tukaisogeza kamera. Dakika ya kwanza, ukungu.
Ya pili, ukungu.
Ya tatu, kwenye mfupa wa kidari,
nukta ikaanza kunenepa, kubwa ya kokwa ya tende,
na weupe wote wa Ghazwa wamejazana pale
wakigonga kengele zao.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya farasi ni mkanda.

Bwana Muhanna hakusema ahsante.
Hakusema risasi pia.
Aliuliza mpasuaji anakuja lini. Jumapili.
Akatoka, akarudi kuchukua funguo alizosahau, akatoka.

Sasa Ghazwa yuko zizi la peke yake, mnyororo mlangoni.
Shekue amegeuza ndoo, ameikalia, upande wa pili wa mstari.
Baridi ya mwezi wa pili imemfunika hadi masikio.
"Ulisema saa sita. Na sasa ni saa sita."
Saa sita za kwanza huondoka nusu, namwambia,
saa sita za pili, nusu ya nusu.
"Kisha inaisha?"
Haiishi. Inachoka tu.
"Kama deni la dukani kwetu."

Ghazwa akakojoa, na kile kidude kwenye nguzo
kikatatarika kama mahindi kikaangoni.
Shekue akaruka, akacheka, akaketi tena.
Kutoka pale pale akamrushia kitita cha majani,
kikaanguka karibu, akarusha cha pili.
"Hiyo robo iliyobaki," akasema, "nikimgusa mara moja tu?"
Mpaka kesho mchana, Shekue.
Akaniangalia kama niliyesema tungule.

Chungu nimekiweka kando ya mlango kwa ajili ya gari.
Hakina kitu ndani.
Kukiinua, bado nahitaji mikono miwili.