Kumi na Saba kati ya Arobaini

Thaddeus, fundi wa lifti hapa Buffalo,
alitoa mshahara wa miezi miwili
akaniletea doa jeusi.
"Wino umemwagika," nikasema. Akacheka.
Pembeni, kwa penseli: 17/40.

Jiwe limeshasuguliwa, alinieleza;
wa arobaini ndiye kitindamimba.

Miaka thelathini na moja
doa lilinitazama nikimenya viazi.

Leo dalali kapiga simu, kataja bei:
paa jipya, na meno yangu yote.

Nimekipangusa kioo kwa ncha ya kanga… hapana,
kwa shati lake, lile la kazini.
Ndugu zake thelathini na tisa
wamening'inia kuta zipi,
wakimtazama nani akila peke yake?

Paa linavuja, ndiyo, nilimjibu.
Lakini si upande huu.