Eksejesia

Mwalimu Chilongani aliliandika ubaoni,
chaki ikamkatikia kwenye jei.
"Kutoa," akasema. "Kutoa kilichomo.
Ukitia chako, hilo lina jina jingine,
na alama zake ni sifuri."

Mfukoni nina barua ya mama kutoka Mpwayungu,
mwandiko wa mdogo wangu, Mbeleje:
"Huku kwema. Mvua bado usihangaike na nauli."

Nikaanza na "kwema": hiyo ni salamu tu,
hata penye msiba huandikwa hivyo.
"Nauli": anaujua mfuko wangu.
Nikakwama kwenye "bado".
Bado, ila itakuja?
Bado, na mtama umekwisha?
Nililitaka la kwanza,
nikalitia.

Usiku nikaukumbuka mchanga wa korongo,
mama kapiga magoti, kata mkononi,
akichimba hadi bega likazama,
kisha akangoja.
Siku moja, kwa utoto,
nilimimina kidumu changu shimoni
nikapiga kelele: Maji!
Hakucheka.
Aliutazama mchanga ukiyanywa.

Nimeifungua tena barua.
Baada ya "bado" Mbeleje hakuweka nukta.
Nachimba hapo.