Upande wa Kulia

Gereji ya Lwitiko, Mafiati, saa moja ya baridi,
Loleza umejifunika ukungu hadi kifuani.
Pikapu Datsun ya baba iko juu ya jeki,
rangi mpya ya parachichi, rimu za kung'aa,
pua juu kama mbuzi aliyenusa moshi.

"Unataka ilale kiasi gani?"
Namwonesha vidole viwili, kati ya tairi na madigadi.
Anacheka. "Na matuta ya Uyole utayaruka?"
Tunaafikiana vitatu.

Spana namba kumi na tisa. Boliti imeshika kutu;
anaimiminia dizeli, anaibembeleza kwa Kinyakyusa,
matusi mawili, ombi moja, ikalegea.
Robo mzunguko. Jeki chini.
Tunaisukuma mbele, nyuma, tunatingisha boneti,
maana chuma cha springi ni kama mgeni,
hakai mpaka umkaribishe mara ya pili.

Anapima kwa rula ya mwanawe wa darasa la nne.
Kushoto, sawa.
Kulia imezama sentimita moja na nusu.
"Nani alikuwa anaendesha?"

Baba. Kilo mia na kumi, peke yake,
Tukuyu na kurudi, miaka ishirini na sita.
Chuma kimemzoea.

Lwitiko anashika spana aupandishe upande ule.
Namwambia, subiri.
Gari litavuta kulia, anasema, tairi litaliwa.
Najua.

Basi anazungusha, kidogo kidogo,
nami naitazama madigadi ikiinuka
kama mtu anayenyanyuka kitini
bila kuaga.