Simba wa Sebuleni

Mwezi wa kwanza alikataa kila kitu.
Nilimshushia uduvi wa barafu kutoka Marikiti,
ukazama mbele ya mdomo wake
kama barua ya deni,
akaugeuzia mgongo wenye miiba.

"Simba gani huyu," Mishi akacheka,
"urefu wa kidole cha kati, na bado ataka kuwinda."

Alikuja mwekundu, rangi ya pilipili kavu,
mapezi mapana, yana mistari ya kahawia.
Juu ya mchanga mweupe, nilioununua nikidhani nampamba,
akachujuka siku baada ya siku,
kanga iliyosahauliwa kambani, Tudor, mwezi wa pili.

Shekue, muuza samaki wa mapambo pale Ganjoni,
hakuinua hata macho:
"Mtolee mchanga huo. Mtilie mawe meusi, apate kivuli.
Na chakula kisicho na uhai, kitie uhai."

Basi usiku, stima ikirudi,
nachoma uduvi kwenye ncha ya chelewa,
nautetemesha, naukimbiza kidogo, nausimamisha —
mimi, karani wa bandarini niliyestaafishwa mapema,
naigiza woga wa mdudu.

Anakunjua mapezi. Anakuja polepole, ananitazama
au anatazama mkono.
Chwap!
Chelewa tupu.

Asubuhi wekundu umeanza kurudi, hapa, chini ya jicho.
Mishi haoni wekundu wowote.
Anaisogeza sahani yangu ya jana usiku,
anaitikisatikisa kidogo mezani:
"Na wewe?"