Kiti cha Nyuma

Bi Annelies hakuuliza bei.
Aliuliza, "Duri, lipi halitanishusha kama gunia?"
Nje, Zurich ilichuja theluji nyepesi, watu wa manispaa wakimwaga chumvi.
Ndani, chini ya taa nyeupe kama za chumba cha upasuaji,
magari mawili yalikaa kimya
kama ndugu wanaosubiri kusomewa wosia.

Saluni: refu, la chini, jeusi la wino.
Marehemu Bwana Ruedi alinunua manne ya aina hiyo.
Huwezi kuliingia bila kuinama,
nami, nikiwa nimeshika mlango,
nilikuwa na siri yangu ndogo:
kila asubuhi mwenye benki ananiinamia na hajui.

Shangingi: kifua mbele,
kama mtu aliyezoea kupishwa.
"Humu, mama," akasema Livio muuzaji, tai yake zambarau,
"unaona juu ya vichwa vya wote."
"Vichwa nimeviona miaka themanini na moja," akajibiwa.

Ngozi ileile, ya ng'ombe wasioijua seng'enge.
Zulia lilelile linalomeza kiatu.
Basi tukaliuliza goti.
Kwenye saluni goti lilikubali kuingia, likagoma kutoka;
nilimvuta kwa mikono miwili kama kizibo.
Kwenye shangingi lilikubali kutoka.
Kuingia, ng'o.

"Duri. Kaa nyuma wewe, uniambie."

Miaka ishirini na sita
magari nayajua kwa usukani na kwa breki.
Nyuma nimefuta makombo tu.

Nikakaa kwenye shangingi kwanza.
Dirishani akapita mmoja wa wale wa chumvi, koleo begani,
nikajikuta namtazama utosi.
Sikukusudia. Kiti ndicho kilichonitazamisha.

Kisha saluni.
Miguu yangu ilinyooka isifike popote.
Livio akabonyeza, mlango ukajifunga kwa pumzi ya mtu aliyeshiba,
na kimya kikawa kizito hata nikaisikia saa yangu ya mkononi.
Mbele yangu, mahali pangu patupu.
Hapo ndipo nilipojua Bwana Ruedi
alitazama nini njia nzima ya milimani, majira kwa majira:
kisogo changu,
na kola ninayoipiga pasi upande wa mbele tu.

"Haya?"
"La juu linashika vizuri kwenye barafu," nikasema.
"Sikukuuliza barafu."
Sikuwa na jingine la kusema mbele ya Livio.

Hatukununua.
Kwenye saluni letu kuukuu niliwahi mlango wa nyuma, kama desturi,
yeye akauzunguka, akafungua wa mbele mwenyewe,
akajitupa kando yangu kwa mguno mrefu.
Tulivuka daraja. Ziwa lilikuwa rangi ya bati.

"Duri."
"Naam."
"Kola hiyo. Kesho ipige pasi na nyuma.
Nimevumilia vya kutosha."