Bendi Isiyo na Mdomo

Kila harusi walituuliza: mwimbaji yuko wapi?
Sleyum akijibu: yuko njiani, gari limemharibikia Barka.
Miaka sita gari lile halikutengenezeka.

Ukweli hatukuwa naye, wala hatukumtafuta.
Aimbe kwa lugha gani? Kiarabu chetu
kilikuwa dishdasha ya kuazima, kikitupwaya mabegani;
Kiswahili tulikiacha mlangoni pamoja na viatu,
maana wakikisikia tu dukani, shingo zinageuka:
"Hawa wa Zinjibari."
Basi tukanyamaza kwa kelele,
magitaa matatu na ngoma.

Ruwi ya sabini na tatu: vumbi, wadi kavu,
nguzo za umeme zikisubiri nyaya.
Gitaa la Sleyum lilitoka Kuwait, jekundu kama kucha za bibi harusi.
Spika ilipanda pikapu kutoka Dubai
juu ya magunia ya vitunguu, na usiku wa kwanza,
ilipopata moto, ukumbi mzima ulinuka kachumbari.
Besi alipiga Muhenna, karani wa maji,
kidole kimoja tu, lakini kidole chenyewe!
Zahor alishika nyuzi za kati.
Mimi ngoma. Ile ya mguu niliiandika CHECHE
kwa rangi iliyobaki ya mlango wa mama.

Rokenroli, jamani. Rokenroli bila neno hata moja.

Na milima ile isiyo na jani
ilirudisha kila pigo, nusu sekunde nyuma,
kama mwanafunzi mzito anayerudia somo.
Mwanzoni ilitutia wazimu. Halafu tukajifunza kuingoja:
tunapiga, tunaacha pengo, mlima unajibu.
Watu wakasema huo ni ufundi.
Kampuni ya mafuta ikatuita Ijumaa tatu mfululizo;
fundi Jamnadas wa Matrah akatushonea suti za kijani,
akatupunja kitambaa,
tukapiga wima usiku kucha kwa sababu kukaa hatuwezi.
Vijana wa Wadi Kabir walisimamisha magari, milango wazi,
wakasikiliza bila kushuka, na mafuta yakawaishia.

Kisha Agosti moja gundi iliyeyuka.
Shingo ya gitaa ikaachia katikati ya harusi ya watu
na Sleyum akacheka.
Mwaka uliofuata hakucheka.

Hoteli ilimleta kijana wa Goa na kinanda:
ngoma imo ndani, besi imo ndani,
hata makofi yamo ndani.
Mshahara mmoja, sahani moja ya wali.
Muhenna akapanda cheo, kidole kile kikaanza kutia sahihi.
Zahor akahamia Al Ain kuuza betri za magari.
Na benki zikajengwa, ghorofa juu ya ghorofa,
zikasimama kati yetu na mlima.
Tulipiga mara ya mwisho mbele ya watu kumi na wawili,
tukaacha pengo,
pengo likabaki pengo.

Hatukugombana. Heri tungegombana,
ningekuwa na kisa cha kusimulia.

Juzi, Mabela, mjukuu wangu Yaarub
kafukua kaseti ndani ya kopo la halwa.
Dakika thelathini na moja za Cheche,
na mlima bado umo, unajibu.
Sauti ya mtu ni moja tu, mwanzo wa kila kipande:
Sleyum, taratibu, kwa lugha tuliyoiacha mlangoni,
"moja, mbili, tatu..."

Yaarub Kiswahili hajui.
"Babu, huyu anasema nini?"
"Anahesabu."
"Mbona anaishia kwenye tatu?"

Nne nilikuwa mimi, nikamwambia,
na nikarudisha kaseti nyuma nimwonyeshe:
moja, mbili, tatu,
mkono ukashuka juu ya meza,
vikombe vya kahawa vikaruka,
lakini nimechelewa,
nusu sekunde,
kama mlima.