Seng'enge ya Mita Arobaini

Baba alituachia bunda la seng'enge, mita arobaini,
na kipande cha boksi la sigara:
"Zungusheni mita za mraba mia moja na mbili.
Pembe nne, zote mraba. Mizabibu ya Ziuli. Shakro."
Hata salamu hakuna.

Bidzina, kaka yangu, hakuniuliza.
Tangu matanga ya mama hatujaulizana kitu.
Alibeba vigingi, akashuka shambani peke yake,
Alazani ukimeta mbali chini ya ukungu,
akapima kumi na mbili kwa nane: tisini na sita.
Kumi na moja kwa tisa: tisini na tisa.
Kumi kwa kumi: mia kamili,
akamwita mkewe aje aone.
Kisha tisa kwa kumi na moja, na hesabu ikaanza kushuka,
kama mtu aliyepita kileleni gizani
asijue kwamba ndicho kilele.
Jioni jirani yetu Tsiala akasema juu ya ua:
"Imeibwa hiyo. Mita mbili, tatu. Na mwizi namjua."

Mimi hufundisha darasa la nane, Telavi.
Niligeuza boksi la baba nikaandika mgongoni:
upana na urefu pamoja ni ishirini.
Upana uwe x, urefu ni kilichosalia.
x mara x, toa ishirini x, ongeza mia moja na mbili,
sawasawa na sifuri.
Mia nne kutoa mia nne na nane.
Hasi nane, chini ya alama ya kipeuo.

Darasani husema, "Haina mizizi halisi,"
nikafuta ubao, kengele ikalia, watoto wakakimbilia mikate.
Usiku ule sikuwa na ubao wa kufuta.
Mtu aliyepogoa mizabibu miaka hamsini,
aliyejua kwa kidole mzizi upi u hai na upi umeoza,
aniachie mlinganyo usio na mizizi?
Nilichora parabola yake: bakuli linaloelea
juu ya mstari, lisiuguse,
likiukosa kwa mbili tu.

Nikala jibini baridi. Nikasoma tena.
Pembe nne.
Hakusema pande nne za waya.

Ukuta wa nyumba ya Bidzina unatazama shamba,
mita tisa za mawe ya mto. Aliujenga na baba
kiangazi kile nilichokaa Tbilisi bila kuandika barua.
Upande mmoja ukiwa ukuta,
seng'enge inadaiwa pande tatu tu:
x mbili za kuteremka, na moja ya kukatiza.
Arobaini toa x mbili, mara x. Gawanya yote kwa mbili.
x mara x, toa ishirini x, ongeza hamsini na moja.
Ishirini ileile! Nambari ya mwisho tu ndiyo iliyoinama.
Mia nne kutoa mia mbili na nne: mia moja tisini na sita,
na kipeuo chake kumi na nne, kizima, hakina chenga.

Tatu.
Kumi na saba.

Tatu ni kweli, lakini inataka ukuta wa mita thelathini na nne,
na ukuta huo hapa kijijini hana mtu, labda kanisa.
Kumi na saba kuteremka, basi, na sita kando ya mawe.
Niliizungushia duara. Ile tatu sikuifuta.
Haina kosa, imekosa ardhi.

Asubuhi nikagonga kwa Bidzina, koo limekauka.
"Ukuta wako. Nikiuegemea?"
Alitazama boksi, upande huu, upande ule, kwa muda mrefu.
"Baba aliishia darasa la nne," akasema.
"Huenda alikosea tu."
"Huenda."
Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi,
kumbe amefuata nyundo.

Msumari wa kwanza ulipinda.
Wa pili akaniambia nishike.